Lengo Moja kwa Darasa Zima? Njia Nne Kwenye Mizani Moja

Kila Januari, kabla chaki haijagusa ubao, walimu wa sekondari za Tanzania hukaa kikao kinachoanza na swali dogo la ratiba na kuishia kwenye ubishi mkubwa. Mtaaluma anauliza: hawa watoto 280 wa kidato cha kwanza tunawagawaje katika mikondo minne? Mmoja anasema wachanganye tu, wote wamefaulu darasa la saba. Mwingine anasema vipanga wakae peke yao, angalau shule ipate divisheni wani mbili tatu. Mwalimu wa hisabati ananyamaza, maana anajua F zote zitasomwa kwa jina lake. Mwalimu huyo ni mimi, na nimenyamaza katika vikao vingi.

Mzazi naye hukutana na swali hilohilo, ila anaingilia mlango mwingine. Mwanangu nimpeleke shule inayochuja, au abaki shule ya kata? Nimwache mkondo wa jumla, au nimwandikishe amali, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, mapema? Yote yanarudi kwenye jambo moja: watoto wote wanaweza kufika lengo moja la masomo, au hawawezi? Ukimuuliza mwalimu mbele ya wazazi atasema wanaweza. Muulize tena saa tano usiku akiwa na rundo la madaftari mbele yake.

Njia zinazotumika ni nne. Zote nimeziona zikimwinua mtoto na zote nimeziona zikimwangusha, kwa hiyo asiyetaka kusoma hadi mwisho asitafute mshindi hapa.

Mizani yenyewe

Kila njia nitaiuliza maswali matano. Nani anaachwa nyuma, na akishaachwa anarudi vipi? Mtoto anabandikwa jina gani? Mwalimu anabebeshwa nini, hasa mwenye watoto 70 chumbani? Mlango wa kubadili unabaki wazi hadi lini? Na mtihani wa taifa utasema nini? Hilo la mwisho si la kudharau. Falsafa iwe nzuri kiasi gani, Novemba inafika.

Kabla ya hapo tazama kitu kimoja. Mwaka 1963 Mmarekani John Carroll alitoa hoja ambayo mwalimu yeyote wa zamu angeitambua: tunachokiita kipaji cha mwanafunzi kwa sehemu kubwa ni muda anaouhitaji kulielewa jambo. Huyu siku moja, yule wiki mbili. Hoja hiyo ikisimama, basi shule ikifunga muda (kipindi cha dakika 40, mihula miwili, miaka minne) kitakachotofautiana ni matokeo. Ukitaka matokeo yafanane, muda ndio uachwe utofautiane. Kufunga vyote viwili haiwezekani, ingawa kila mkutano wa wazazi unatudai hivyo.

Njia ya kwanza: wote pamoja, mwendo mmoja

Hii ndiyo inayotumiwa hata na shule isiyojua kwamba imechagua. Watoto wanapangwa kwa alfabeti, mada zinafuata muhtasari, jaribio la Ijumaa ni lilelile kwa wote. Tangu ada ilipofutwa Januari 2016, kwa shule nyingi za kata imekuwa njia ya lazima: watoto waliongezeka haraka kuliko vyumba na walimu.

Uzuri wake upo. Hakuna anayebandikwa jina. Mtoto wa nyuma anamsikia wa mbele akijibu, anaazima daftari lake, na mara nyingi maelezo ya mwenzake wa dawati yanamwingia kuliko yangu. Mlango haufungwi kabisa. Yeyote anaweza kuamka akiwa kidato cha tatu, na nimewaona walioamka.

Anayeachwa ni yule aliyekosa kitu kimoja mapema. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza aliniandikia kwamba nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano. Alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Nikamwambia: umekula nusu chapati, ukaongeza theluthi ya chapati, halafu unaniambia tumboni mna mbili ya tano, yaani pungufu ya ile nusu uliyoanza nayo? Akacheka, akafuta, akaelewa. Ilichukua dakika sita. Lakini siku ile mada ilikuwa aljebra, na humo ndani walikuwamo wengine kama ishirini wenye kosa lilelile la shule ya msingi. Dakika sita mara ishirini ni vipindi vitatu, na muhtasari haunipi vipindi vitatu vya chapati.

Halafu kuna lugha. Mtoto amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kozi ya utangulizi, kisha karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Nilimpa binti mmoja swali la muuza duka aliyenunua mzigo kwa shilingi 8,000 akauuza kwa 10,000, atafute asilimia ya faida. Akaacha wazi. Nikamuuliza kwa Kiswahili. Akasema 25 kabla sijamaliza sentensi, kwa sababu kwao wanauza ubuyu na yeye ndiye mpiga hesabu. Kwenye karatasi alikuwa na sifuri. Ningekuwa na haraka siku ile, ningemwandikia kuwa hana uwezo.

Watafiti waliogawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, waliona jambo linalofanana na hilo: vitabu viliwasaidia wale waliokuwa tayari juu. Wengine viliwapita, maana viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Kwa hiyo unaposikia fulani kashindwa lengo, uliza kwanza lengo lenyewe lilitamkwa kwa lugha gani.

Mwalimu hapa anabeba mzigo mwepesi wa maandalizi na mzito wa dhamiri. Somo moja, jaribio moja, basi. Lakini anajua anafundisha theluthi ya chumba.

Na mtihani? Hisabati ya kidato cha nne kwa miaka mingi imekuwa ikifaulisha mtahiniwa mmoja katika wanne au watano. Lengo moja lisilo na msaada lina tabia nyingine pia: likiwashinda wengi, kamba ndiyo inayosogezwa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaacha zaidi ya nusu ya watahiniwa na divisheni ziro. Ikaundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, waliofaulu wakaongezeka. Watoto walikuwa walewale na majibu yalikuwa yaleyale. Marekani nako, sheria iliyosainiwa Januari 2002 iliagiza kila mwanafunzi awe mahiri katika kusoma na hisabati ifikapo 2014. Kwa kuwa kila jimbo lilijipimia umahiri lenyewe, baadhi yalishusha kipimo. Mwaka 2014 ukapita, lengo halikufikiwa, na Desemba 2015 sheria ikabadilishwa. Sisemi lengo lilikuwa baya. Nasema lilitolewa tarehe kabla halijatolewa njia.

Njia hii inawafaa watoto wanaoingia wakiwa hawajapishana sana, na shule yenye darasa dogo, ambapo mwalimu ana nafasi ya kuinama kwenye dawati.

Njia ya pili: mikondo ya uwezo

A ya vipanga, D ya wale ambao hawatajwi kwenye kikao. Kilichofungwa bado ni muda. Kinacholegezwa kimyakimya ni matarajio. Rasmi lengo ni lilelile. Chumbani D wakimaliza nusu ya mada, hakuna anayeuliza.

Jina ndilo tatizo la wazi. Shule moja niliyofundisha iliona herufi zinawaumiza watoto, ikaweka majina ya milima. Haikupita wiki, wakawa wanaulizana: wewe uko mlima wa vilaza? Mtoto hadanganyiki kwa kibao cha mlangoni. Anahesabu ni nani waliokaa naye.

Ningeishia hapo na kuihukumu njia hii, kama nilivyofanya kwa miaka mingi, lau si utafiti mmoja ulionilazimisha kufikiri upya. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, shule za msingi 121 ziliwezeshwa kuajiri mwalimu wa ziada, zikaligawa darasa la kwanza mara mbili. Katika takriban nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika zilizobaki waligawanywa kwa alama, wa juu huku na wa chini kule. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele. Kilichonishtua ni kwamba walionufaika hawakuwa wa juu pekee. Wa chini nao walipanda. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, waliofanya kazi hiyo, walieleza hivi: ukimpa mwalimu darasa mchanganyiko, huwafuata walio juu, kwa kuwa mfumo unamsifu kwa hao. Ukimpa wa chini watupu, hana wa kujifichia. Inabidi ashuke walipo.

Sasa, wengi wakisikia hivyo hukimbilia kugawa mikondo. Wangojee. Katika utafiti ule walimu nao walipangwa kwa kura: nani afundishe wa juu na nani wa chini, bahati ndiyo iliyoamua. Kwetu haipigwi kura. Mwalimu mzuri anapewa A, kwa sababu A ndiyo inayoleta jina la shule. D anapewa anayejitolea, au aliyeripoti juzi, au kipindi kinawekwa saa nane mchana baada ya ugali. Pia zilikuwa shule za msingi, darasa la kwanza, walikokuwa wakifundishwa kusoma na kuhesabu. Kidato cha tatu ni habari nyingine. Kwa hiyo ukiniuliza kama mikondo inamwinua aliye chini, nitakuuliza kwanza nani anafundisha D.

Mlango wa kubadili upo kwenye karatasi. Ilikuwa "kila muhula tutawapanga upya". Nilisimamia D miaka miwili, na waliopanda nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vinabaki. Sababu si uvivu wao. A walikuwa wamefika mada ya nane, D mada ya nne. Anayehama anarukia gari linalokwenda.

Mwalimu anapata nafuu kweli. Chumba chenye watoto wa kiwango kimoja kinafundishika, hilo nisilifiche. Na matokeo ya taifa huwa yenye ncha mbili: wani chache za kubandika ukutani, na ziro nyingi ambazo hazibandikwi.

Ipo namna laini ya njia hii. Shirika la Pratham la India lilianza kuwapanga watoto kwa kiwango halisi cha kusoma na kuhesabu, bila kujali darasa wala umri, lakini kwa saa moja au mbili tu kwa siku. Baada ya hapo kila mtoto anarudi darasani kwake. Zambia nao wameichukua. Jina halipati muda wa kuganda, na mlango unafunguka kila baada ya kipimo kifupi. Kwa shule ya msingi ninaipenda kuliko mikondo ya kudumu. Tafiti za Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto hapa Afrika Mashariki, zimekuwa zikikuta watoto wa darasa la saba ambao hadithi ya darasa la pili bado inawashinda, na mtoto huyo hahitaji mkondo. Anahitaji saa mbili za kusoma, leo.

Njia ya tatu: lengo moja, muda tofauti

Hapa kamba haishuki, saa ndiyo inayolegezwa. Benjamin Bloom aliichukua hoja ya Carroll mwaka 1968 akaigeuza utaratibu: vunja somo katika vipande vidogo, pima mwisho wa kila kipande, asiyefika kiwango (kwa kawaida asilimia 80 hadi 90) arekebishwe kwa njia nyingine kabla hajasonga, aliyefika apewe kazi ya kumkuna kichwa.

Maneno ni rahisi. Nikueleze ilivyokuwa nilipojaribu kwa mkondo mmoja wa kidato cha kwanza. Kila wiki ya pili, Ijumaa, maswali matano juu ya kipande kimoja, kwa mfano kugeuza sehemu kuwa asilimia. Aliyepata manne au matano anachukua karatasi ya kijani: maswali magumu, na moja la kutunga mwenyewe. Aliyepata pungufu anakaa mbele, na Jumatatu tunarudia, lakini si kwa maneno yaleyale. Mara ya kwanza nilifundisha kwa kanuni. Mara ya pili nafundisha kwa bei za soko na vipande vya karatasi vilivyokunjwa. Jumatano wanarudia maswali matano mengine. Wengi waliokaa mbele mara ya kwanza walipita mara ya pili. Wachache walihitaji ya tatu. Na sikuwa nawaita majina, kwa sababu waliokaa mbele walibadilika: binti aliyefaulu hesabu za sehemu alikwama kwenye jometri, kijana wa mbili ya tano akachora pembe vizuri kuliko wote.

Hilo ndilo lililonibadilisha. Ukiwagawa watoto kwa mwaka, unadhani wapo wa aina mbili. Ukiwapima kila wiki mbili unagundua wanabadilishana viti.

Wenye shaka husema kumpa mtoto muda zaidi ni kumpendelea. Baraza la Mitihani lenyewe linafanya hivyo: watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Karatasi haishushwi hadhi. Hakuna anayesema cheti chao ni pungufu.

Gharama yake ni mwalimu. Karatasi mbili za kutunga kila wiki mbili, kusahihisha mara mbili, na kuwaendesha watoto wa aina mbili katika chumba kimoja. Kwa watoto 45 nilimudu. Nilipopewa 70 nilianza kuruka wiki, na mwishoni nikawa nasahihisha nikiwa nimesinzia. Muhtasari nao haukuisha. Niliacha mada mbili, na mzazi mmoja, fundi seremala mwenye hesabu zake kichwani, akaniuliza kwa heshima zote kama mada hizo zitakuja kwenye mtihani. Zilikuja. Anayeachwa hapa si yule dhaifu, ni kipanga asiyepewa kazi ya kutosha. Karatasi ya kijani ikiwa ya kupoteza muda, atakuambia.

Tahadhari ndogo: kukariri kidato cha pili si njia hii, ingawa inafanana. Aliyeshindwa upimaji anarudishwa mwaka mzima kwa masomo yote, ilhali pengine alihitaji wiki tatu za aljebra na mwezi wa Kiingereza. Kambi za kidato cha nne nazo ni muda wa ziada, ila unaletwa wakati nyumba imeshaungua nusu.

Njia ya nne: malengo tofauti, njia tofauti

Hapa tunaacha kujifanya kwamba lengo ni moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaweka miaka 10 ya elimu ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na sekondari ina mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Wa amali anasoma baadhi ya masomo ya jumla pamoja na fani kama umeme, ushonaji, kilimo au ufundi magari. Kenya wamegawa baadaye zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia gredi ya 10 Januari 2026, na huko kuna njia tatu: ya kwanza sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya pili sayansi za jamii; ya tatu sanaa na sayansi ya michezo.

Si jambo jipya kwetu. Mwalimu Nyerere alidai mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe chumba cha kusubiria sekondari ambayo wengi hawataipata. Miaka ya 1970 ikaja michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Wazee wanaoikumbuka watakuambia ilivyokufa: trekta liliharibika, cherehani zikahesabiwa tu kwenye orodha ya mali, mwalimu wa ufundi akastaafu bila wa kumrithi.

Jina analobandikwa mtoto linategemea nani alimpeleka. Aliyechagua umeme kwa kuwa kila redio ya mtaani inapita mikononi mwake atatembea kifua mbele. Aliyeambiwa "huko kwingine huwezi" ataibeba fani kama adhabu, hata kama mafundi wa fani hiyo wanaishi vizuri kuliko mimi. Na mlango? Hili ndilo swali la kumganda mwalimu mkuu nalo. Mtoto wa miaka 13 akichagua ushonaji, akifika 16 akautaka uhandisi, atapitia wapi? Nchi hazikubaliani. Majimbo mengi ya Ujerumani huwatenganisha watoto baada ya darasa la nne. Finland iliacha utaratibu huo miaka ya 1970, ikawaweka pamoja hadi miaka 16. Zote mbili zina mafundi wazuri, kwa hiyo umri wa kugawa si hesabu yenye jibu moja.

Kenya wametupa somo zuri bila kukusudia. Mpango wa awali ulikuwa hisabati iwe ya hiari kwa wasiochukua njia ya sayansi. Kelele zikapigwa, na mwaka 2025 wizara ikairudisha kuwa ya lazima kwa wote, katika sura mbili: ya kina kwa wa sayansi, na ya msingi kwa wengine. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye busara. Yapo malengo ya kila mtoto: kusoma akaelewa, asilimia, uwiano, kusoma jedwali na mkataba. Fundi asiyejua uwiano anaharibu zege. Na yapo malengo ya baadhi: logarithimu, vekta, uchambuzi wa tamthilia. Ugomvi wetu wa Januari mara nyingi hutokea kwa sababu mmoja anasema "lengo" akimaanisha la kwanza, na mwenzake anajibu akimaanisha la pili.

Mwalimu wa njia hii anahitaji karakana, vifaa na mwenzake aliyewahi kushika nyundo. Bila hivyo amali ni mkondo D wenye jina jipya.

Kwa hali yako

Mwalimu wa msingi ambaye watoto wake hawajashika kusoma: usiingie kwenye ubishi wa mikondo. Wapange kwa kiwango kwa saa moja au mbili kila siku, wapime kila baada ya wiki chache, warudishe darasani.

Ukiwa mtaaluma mwenye watoto 280 na walimu wawili wa hisabati, njia ya tatu kamili itawaua walimu wako. Wachanganye watoto, kisha ichukue kwa vipande vitano au sita tu ambavyo vingine vyote vinasimama juu yake: sehemu, asilimia, namba hasi, milinganyo rahisi, kusoma swali la maneno. Vingine viende mwendo wa kawaida. Na kama kikao kimeshaamua mikondo ya uwezo, basi pigania jambo moja: mwalimu bora wa shule apewe mkondo wa mwisho, hata kwa zamu. Wakikataa, mmejua mikondo ni ya nini.

Darasa lako likiwa chini ya 45 na ukiwa na ruhusa ya kuchelewa muhtasari kidogo, jaribu karatasi ya kijani muhula mmoja. Ukiwa kidato cha nne na imebaki miezi minne, usianze. Hapo mwendo mmoja na maswali ya mitihani iliyopita vitamfaa mtoto kuliko mageuzi.

Mzazi mwenye kipanga, shule inayochuja itamfaa ikiwa anapenda kushindana na hatavunjika siku atakapokuwa wa 30. Wengine huvunjika, na waliobaki shule ya kata wakiongoza wakafika palepale. Mwenye mtoto anayesuasua asikubali neno "hana uwezo" kabla hajaomba jambo hili: aulizwe maswali yaleyale kwa Kiswahili. Akijibu, tatizo ni lugha, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Kwa amali, nenda shuleni siku ya kazi, si siku ya mahafali. Omba kuiona karakana. Tazama kama mashine zina vumbi la mbao au vumbi la kukaa bure, uliza wahitimu wa mwaka jana wako wapi, na muulize mwanao mwenyewe, mkiwa njiani kurudi, angependa kurudi pale au la.

Na kama wewe ndiye yule anayenyamaza kwenye kikao cha Januari, siku ya kwanza wape watoto maswali kumi ya darasa la nne, kwa Kiswahili, bila kuandika majina ya mikondo popote. Nenda nayo kikaoni yakiwa yamesahihishwa. Mimi nilichelewa miaka tisa kufanya hivyo.